Safari ndefu za baiskeli: kampani au kivyako? Mbona wanaoanza wawili wanamaliza mmoja mmoja?

#1 Keria_Nzito (mleta mada)
Habari wakuu, niende moja kwa moja. Napanga safari ndefu ya baiskeli, ile ya kufunga mabegi pembeni, tenti nyuma, unapotea miezi kadhaa. Rafiki yangu wa siku nyingi naye anataka kuja. Tunaelewana vizuri tu, hatujawahi kugombana la maana.

Sasa kila ninayemuuliza aliyewahi kusafiri hivi ananiambia "nenda mwenyewe", na wengine wanacheka tu halafu wanabadilisha mada. Ukifuatilia watu wanaorusha picha za safari zao unaona mtindo ule ule: mwanzoni wako wawili au watatu wamekumbatiana, wiki kadhaa mbele picha ina baiskeli moja na hakuna maelezo yoyote.

Mimi nasema tatizo sio tabia za watu, tatizo ni baiskeli yenyewe. Watu haohao ukiwapa gari wangefika pamoja na wangebaki marafiki. Nani anaweza kunieleza huko barabarani huwa kunatokea nini? Na nyie mngechagua lipi?

#2 tairi_bapa
Nimeshaweka kiti changu hapa, endeleeni.

#3 MzeeWaMteremko
Jibu ni spidi, hakuna lingine. Kwenye gari injini ni moja, kwenye baiskeli kila mtu ana injini yake na hazilingani.

Piga hesabu. Wewe unatembea 16 kwa saa, mwenzako 14. Unaona kilomita mbili ni kitu gani? Mkipiga pedeli saa sita kwa siku mmeachana kilomita 12, kwa spidi yake hiyo ni karibu saa nzima unakaa pembeni ya barabara unamsubiri. Sasa angalia kinachofuata, hapa ndo ugomvi unapozaliwa: wewe uliyetangulia umeshapumzika, umekunywa maji, umeanza kupoa na kusikia baridi, yeye anafika anahema, na wewe ukimwona tu unasimama, "haya twende". Kwa hiyo mwenye nguvu anapumzika mara kumi kwa siku na aliyechoka hapumziki hata mara moja. Fanya hivyo wiki mbili uone kama mtaendelea kuitana marafiki.

#4 dada_gia
Mzee #3 hesabu yako iko sawa ila dawa yake inajulikana zamani: mwenye nguvu abebe. Sisi tunasafiri mimi na mume wangu, yeye ana tenti, jiko, sufuria, spana zote na spea, mimi nina nguo zangu na mifuko ya kulalia. Kwenye tambarare uzito hausumbui sana ila kwenye mlima kila kilo inajisema. Tukifika juu tunafika karibu pamoja, na mteremko ananisubiri kwa sababu mimi breki nazipenda 😂

Na kuna sheria moja, aliyefika mwisho ndiye anayesema tunaondoka saa ngapi. Hiyo peke yake imetuokoa sana.

Kinachoua safari kwa maoni yangu ni maamuzi. Yani watu hawajui kwa siku moja mnaamua vitu vingapi. Tusimame kivuli hiki au kile, maji tujaze hapa au mbele, tupite njia fupi yenye vumbi au ndefu yenye lami, tulale saa hizi au tusogee kidogo, mvua hii inakuja au inapita. Ukiwa peke yako unaamua kimoyomoyo, huoni hata kama umeamua. Mkiwa wawili kila kimoja ni kikao. Sisi tuligawana: mimi ramani, yeye mahali pa kulala. Mmoja akishaamua mwingine haruhusiwi kubisha wala kuguna.

#5 kiraka07
Kuguna nako kumepigwa marufuku hahahaha nimecheka kwa sauti

#6 dada_gia
@kiraka07 tena kuguna ndo kubaya kuliko kubisha, anayebisha angalau anatoa hoja.

#7 Pampu_ya_Mkono
Mnazunguka mbuyu. Ni njaa. Mtu anayepiga pedeli kutwa nzima akiba ya wanga kwenye misuli na ini inaisha, ukikaza kweli hata saa mbili haifikishi, na sukari ikishuka kwenye damu kitu cha kwanza kuharibika sio miguu, ni akili na hasira. Unamchukia mtu kwa jinsi anavyokoroga jiko. Nimeona watu wazima wanagombana kuhusu kamba ya tenti, baada ya kula kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa aibu.

Kanuni yangu: hakuna kujadili njia, hela wala "mimi na wewe" kabla ya kula. Na ule kidogo kidogo kila saa, usisubiri kusikia njaa, ukiisikia umeshachelewa. Ukiwa peke yako njaa inakupata vilevile, tofauti ni kwamba hakuna wa kumlaumu, unailaumu barabara halafu yanaisha.

#8 SpokuYa36
Niwape historia kidogo maana hili swali lina zaidi ya miaka 130.

Mwaka 1890 vijana wawili wa Kimarekani, Thomas Allen na William Sachtleben, walimaliza chuo wakaondoka kuzunguka dunia kwa baiskeli. Walipita Ulaya, Uturuki, Uajemi, Asia ya kati, wakavuka jangwa la Gobi mpaka Peking (Beijing ya leo), wakarudi New York 1893 wakiwa na zaidi ya maili 15,000 za tairi. Walitoka wawili wakarudi wawili.

Wakati wao wako njiani, 1892, Mmarekani mwingine akaondoka Pittsburgh peke yake, Frank Lenz. Huyu alikuwa mwendeshaji hodari na mpiga picha, jarida la Outing lilimdhamini. Akavuka Marekani, Japani, China, Burma, India, Uajemi. Mei 1894 akapotea mashariki ya Uturuki ya leo. Jarida likamtuma mtu kwenda kumtafuta 1895, na aliyetumwa ni nani? Sachtleben yuleyule. Akarudi na taarifa kwamba Lenz aliuawa, mwili haukupatikana.

Sasa niambieni kampani haina maana.

#9 Peke_Peke
Spoku hadithi nzuri ila umeikata pale inapokufaa wewe. Mbona hujamtaja Thomas Stevens? Aliondoka San Francisco Aprili 1884 na lile libaiskeli la gurudumu kubwa mbele, peke yake, akafika Yokohama Desemba 1886, mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa baiskeli. Kabla ya hao wawili wako. Hakuuawa na mtu.

Na kuhusu Lenz, mtu akivamiwa na watu wenye silaha, mwenzake anabadilisha nini? Pengine wangepotea wawili na Sachtleben angetafuta makaburi mawili. Mifano miwili haithibitishi kitu.

#10 SpokuYa36
Sijasema nimethibitisha. Ila utakubali kwamba mtu mmoja aliyelala porini ni windo rahisi kuliko wawili. Halafu Stevens alitembea na bastola, hiyo nayo ni kampani 😀

#11 Mama_Kengele
Kwani mnataja wanaume tu? Annie Londonderry, mama wa watoto watatu, aliondoka Boston 1894 akazunguka dunia nzima kwa baiskeli peke yake kwa miezi 15. Tena alianza hajui hata kuendesha.

#12 Peke_Peke
Mama Kengele naunga mkono ila turekebishe: sio dunia nzima kwa baiskeli. Sehemu kubwa alipita na meli na treni, baiskeli aliitumia baadhi ya vipande. Na hadithi zake nyingi alizisimulia kwa chumvi, alikuwa mjanja wa kujitangaza, hata hilo jina Londonderry lilitokana na kampuni ya maji iliyomlipa. Jina lake halisi lilikuwa Annie Cohen Kopchovsky. Bado ni mwamba.

Ukitaka mwanamke, peke yake, na baiskeli kweli, ni Dervla Murphy wa Ireland. Januari 1963, baridi kali ya kihistoria Ulaya, mpaka India. Baiskeli yake aliiita Roz, akapanda milima na theluji.

#13 dada_gia
Na Dervla baadaye alisafiri na binti yake mdogo, kwa hiyo hata yeye alihamia upande wetu.

#14 Peke_Peke
Ile haikuwa baiskeli dada, Peru walikwenda kwa miguu na nyumbu. Nyumbu ndiye alibeba mizigo, sawa na mumeo.

#15 kiraka07
😂😂😂 mume wa watu jamani

#16 dada_gia
Nimemsomea, amesema nyumbu angalau habishaniwi kuhusu njia.

#17 Vumbi_Tupu
Mimi nataka kuua ule msemo unaoletwa kila mahali, "ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kwenda mbali nenda na wenzako". Aliyeutunga hajawahi kupanda baiskeli siku ya upepo. Kwenye baiskeli haraka ndio mnakwenda mkiwa wengi! Ukikaa nyuma ya mwenzako umekingwa, unaokoa karibu nusu ya nguvu. Mnapokezana mbele, wote mnafika mapema. Peke yako upepo wote ni wako.

#18 Fundi_Rimu
Vumbi, nusu umezidisha. Nyuma ya mtu mmoja, kwa spidi ya 30 hivi, unaokoa kama robo mpaka theluthi ya nguvu, tena ukiwa umemsogelea kabisa. Msafiri mwenye mabegi anatembea 15 au 16, kwa spidi hiyo hewa haijawa adui mkubwa, unaokoa kidogo tu. Na kwenye mlima kujificha nyuma hakusaidii karibu kitu, pale unapigana na uzito.

Ila kuna hali moja uko sahihi kabisa, upepo wa kichwa. Unatembea 15, upepo unakuja na 20, hewa inakupiga kana kwamba uko 35. Hapo mgongo wa mwenzako ni mali. Nilishapita uwanda mmoja mrefu hauna mti hata wa kuning'inizia kofia, upepo usoni kutwa, nikakutana na jamaa nisiyemjua wala lugha hatuelewani, tukapokezana mbele mpaka jioni bila kusema neno. Kesho yake upepo ukageuka, akakata kulia mimi nikanyoosha. Kampani nzuri kuliko zote nilizopata.

Angalizo: kukaa nusu mita nyuma ya baiskeli yenye mabegi sio mchezo. Akikwepa shimo bila kukuonyesha kwa mkono, tairi yako ya mbele inagusa yake ya nyuma, na anayeanguka ni wewe wa nyuma.

#19 Vumbi_Tupu
Sawa fundi nimepokea. Lakini msemo bado ni wa uongo.

#20 MzeeWaMteremko
Sio wa uongo pia. Upepo unakupa spidi mkiwa kwenye mwendo, lakini kinachokula siku ni kusimama. Kila mtu ana pancha zake, kibofu chake, picha zake, simu yake. Mmoja akisimama mmesimama wote. Kikundi cha watu wanane, kila mmoja asimame kwa sababu zake mara nne tu kwa siku, dakika tano tano, tayari mmesimama zaidi ya saa mbili na nusu na hakuna hata mmoja anayeona amechelewesha watu, maana yeye alisimama dakika ishirini tu. Ndiyo maana kwenye kikundi kila mtu anaona wengine ndio wazembe.

#21 tairi_bapa
Hapo kwenye kibofu mzee umegusa maisha yangu.

#22 nyota_ya_asubuhi
Habari zenu. Mimi natembea peke yangu, ni mwanamke, na sijaona mtu akitaja sababu kubwa. Watu. Ukifika mahali peke yako na baiskeli iliyosheheni, watu wanakujia. Wanauliza umetoka wapi, umekula, utalala wapi, watoto wanapiga kengele. Unakaribishwa. Mkifika wawili mmeshajitosheleza, mnaongea lugha yenu, mnakaa mnaangaliana, watu wanawapita kwa heshima. Mkifika sita ninyi ni msafara, watu wanafunga milango au wanapandisha bei.

Nilishawahi kutembea na rafiki yangu kipande kimoja halafu nikarudi kipande hichohicho mwenyewe mwaka mwingine. Mara ya kwanza ninachokumbuka ni tulichokuwa tunaongea sisi. Mara ya pili nakumbuka waliokuwa wanakaa pale.

#23 Mama_Kengele
@nyota hao wanaokujia wote wana nia njema? Swali la kawaida tu, sio la ubaya.

#24 nyota_ya_asubuhi
Sio wote. Ila mchana barabarani kinachonitisha zaidi ni magari, na gari halijali mko wangapi. Usiku nina taratibu zangu: silali mahali ambapo mtu nisiyemwamini ameniona naingia, giza likiingia nahama kidogo, au naomba kwa mtu mzima wa pale, hasa mama wa nyumba. Kuna mtandao wa Warmshowers wa waendesha baiskeli kupokeana majumbani, nasoma walioandika kabla yangu, nikikuta wanawake waliolala pale wakasifu, naenda. Nina kifaa cha setilaiti kinachotuma mahali nilipo hata pasipo na mtandao wa simu, dada yangu anaangalia. Na nikiulizwa "uko peke yako?" jibu ni kwamba wenzangu wako nyuma wanakuja. Hao wenzangu hawajawahi kufika mpaka leo.

#25 kiraka07
Wana spidi ya yule wa #3

#26 bibi_wa_lami
Nyota nakuheshimu lakini mimi sitaki tena. Sio woga wa watu. Ni siku ukiumwa. Niliwahi kushikwa na tumbo kwenye tenti, siwezi hata kutoka kuchota maji, yamebaki kwenye chupa kidogo, chanzo ninakijua kiko mbele kidogo tu na sikifiki. Mtu mmoja wa kukujazia chupa ndiyo tofauti ya jambo dogo na jambo kubwa. Hicho kifaa cha setilaiti kinaita waokoaji, hakikuletei lita moja ya maji.

Halafu vitu vidogo: nani anaangalia baiskeli ukiingia dukani? Ukiwa peke yako kila choo ni mtihani, unaingia na begi la usukani mdomoni.

#27 SpokuYa36
Bibi umenikumbusha safari iliyoitwa Hemistour. Kuanzia 1972 jozi mbili za wanandoa wa Kimarekani, Greg na June Siple na Dan na Lys Burden, walikuwa wanaendesha kutoka Alaska kwenda ncha ya Amerika Kusini. Walipokuwa Mexico Dan akaugua homa ya ini, yeye na mkewe wakaishia hapo. Siple wakaendelea, wakafika Tierra del Fuego, ile ncha yenyewe, 1975.

Sasa kinachonifurahisha ni kwamba hawakuachana kwa ubaya. Wakiwa njiani walishaanza kupanga Bikecentennial, na wote wanne waliifanya: mwaka 1976 watu zaidi ya 4,000 wakaendesha njia waliyoichora kuvuka Marekani, wengi wao kwenye vikundi na viongozi wao. Ndiyo ikazaa chama kinachoitwa leo Adventure Cycling Association. Kwa hiyo mleta mada, wanaoanza wengi na kumaliza wachache sio lazima wamegombana, wakati mwingine ni ini.

#28 Keria_Nzito
Asanteni sana wote, nasoma kila kitu. Niongeze maana naona spidi inajirudia: mimi na jamaa tunalingana kabisa kwa nguvu, tumeshapanda pamoja sana, hakuna anayemsubiri mwenzake. Tofauti ni kwamba yeye anapenda namba. Kilomita ngapi leo, mita ngapi tumepanda, kesho tufidie. Mimi nikiona mto nataka kukaa. Hatujawahi kugombana kwa hilo kwa sababu huwa ni siku moja halafu kila mtu kwake.

#29 Pampu_ya_Mkono
Aisee

#30 MzeeWaMteremko
Basi umejijibu.

#31 dada_gia
Hajajijibu. Hiyo inaongeleka, tena ni bora kuliko kutofautiana nguvu. Mpeane siku: leo ya namba, kesho ya mto.

#32 Peke_Peke
Dada, anayetaka kufika akipewa siku ya mto hakai mtoni, anakaa na ramani anahesabu kesho atafidia vipi. Na anayetaka mto siku ya namba anatembea kwa kinyongo. Mnabadilishana kero tu. Nguvu zinapimika, mwenye nguvu anabebeshwa tenti. Haraka ya mtu iliyo kichwani unaibebesha nini?

#33 Fundi_Rimu
Wanaosema "mjaribu wikiendi kwanza" watakuja sasa hivi, kabla hawajaja niseme: wikiendi haipimi kitu, siku mbili kila mtu ana adabu. Jaribu wiki nzima, msimu wa mvua, bajeti ileile mtakayotumia safarini. Hasa bajeti. Hamjaongelea hela humu ndani na nashangaa. Mmoja anaona akilowana anastahili chumba chenye kitanda, mwingine anaona tenti ipo. Usipolipa unaonekana bahili, ukilipa unahesabu siku ngapi za safari zimeondoka. Hiyo ndiyo imevunja wengi ninaowajua mimi, sio spidi wala njaa.

#34 Mama_Kengele
Nilikuwa nakuja kusema wikiendi 😅 nimerudi nilikotoka

#35 Chelewa_Fika
Mbona hamsemi njia ya tatu? Mchana kila mtu kivyake, jioni mnakutana mahali mlipokubaliana. Wa namba aende na namba zake, wa mto akae mtoni, jioni mna hadithi mbili tofauti za kusimuliana badala ya kuwa mmeona kitu kilekile. Sisi watatu tunatembea hivyo.

Ila ina masharti. Moja, kila mtu awe kamili: spea ya tyubu, viraka, pampu, maji, chakula, taa, mahali pa kulala. Ule ujanja wa dada_gia wa kubebesha mtu mmoja tenti na mwingine mifuko ya kulalia hapa haufai, mkipoteana mmoja ana paa na mwingine ana blanketi. Mbili, mahali pa kukutana pawepo pamoja na pa akiba, na saa ya mwisho ya kusubiri, mambo ya "nitakupigia" usiyategemee, betri zinakufa. Tatu, aliyefika wa kwanza haruhusiwi kuondoka mahali pa kukutana hata kama ameona pazuri zaidi mbele. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote.

#36 bibi_wa_lami
Watatu ni balaa, kila kura ni wawili kwa mmoja, na huyo mmoja huwa ni yuleyule.

#37 Chelewa_Fika
Hatupigi kura bibi. Ila ni kweli huwa ni yuleyule, na mnaweza kukisia ni nani kwa hili jina langu.

#38 Vumbi_Tupu
Mambo yote haya yanaisha mkinunua tandemu, ile baiskeli moja ya watu wawili. Spidi moja, mzigo mmoja, kusimama mara moja, upepo anakula wa mbele. Cat Dixon na Raz Marsden wa Uingereza walizunguka dunia kwa tandemu siku 263, wakamaliza Machi 2020 mipaka ikiwa inafungwa nyuma yao.

#39 MzeeWaMteremko
Tandemu ni ndoa isiyo na mlango wa kutokea. Wa nyuma haoni mbele, hashiki usukani, hagusi gia, kazi yake ni kupiga pedeli na kuamini. Akiacha kupiga wa mbele anajua papo hapo. Na mkigombana jioni, asubuhi mnaamka baiskeli bado ni moja.

#40 SpokuYa36
Tuhamie kidogo kwenye mashindano, wao wameliweka swali hili kwenye sheria. Transcontinental Race, ile ya kuvuka Ulaya bila msaada iliyoanzishwa na Mike Hall 2013, ina fungu la mmoja mmoja na fungu la wawili. Wa mmoja mmoja haruhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzake hata kama wamekutana njiani. Wa fungu la wawili wanaruhusiwa kukingana wao kwa wao na kugawana vifaa. Pamoja na faida zote hizo wa mbele kabisa karibu kila mwaka ni wa mmoja mmoja.

#41 Fundi_Rimu
Kwa sababu wenye nguvu kabisa wanaingia mmoja mmoja, usisome zaidi ya hapo. Na kwenye mashindano ya aina ile kinachoamua ni kujinyima usingizi. Wawili lazima walale muda wa anayehitaji zaidi.

#42 Peke_Peke
Kwa mashabiki wa rekodi: Mark Beaumont 2017 siku 78 na ushee kuzunguka dunia, Jenny Graham 2018 siku 124. Watu wanawalinganisha wakati Beaumont alikuwa na timu nzima kwenye magari, wanampikia, wanamtengenezea baiskeli, wanamwamsha. Graham alibeba kila kitu chake na kujitafutia chakula. Wote wanaitwa "solo".

#43 Vumbi_Tupu
Kwa hiyo Beaumont hakuwa peke yake? Aliyepiga pedeli ni nani?

#44 Peke_Peke
Miguu ilikuwa peke yake. Maamuzi hayakuwa, rudi #4 usome. Binafsi naona kilichomchosha Graham zaidi ni kuamua, kilomita zilifuata.

#45 Vumbi_Tupu
Umemuuliza?

#46 Peke_Peke
Nimesema binafsi naona.

#47 tairi_bapa
Mnagombana kuhusu watu wawili waliokuwa peke yao. Hata kwenye uzi kampani inasumbua.

#48 nyota_ya_asubuhi
Pampu wa #7 nina swali nje ya mada, wewe unakula nini hasa kila saa? Mimi kinachonishinda ni joto, hamu ya chakula inapotea kabisa.

#49 Pampu_ya_Mkono
Joto likizidi kunywa badala ya kula, maji yenye sukari na chumvi kidogo, tumbo linayapokea kuliko chakula kikavu. Na anza mapema, alfajiri, saa za jua kali ulale kivulini. Hapo ndo peke yako ni raha, ukiwa na mtu kumwamsha alfajiri ni kesi nyingine.

#50 Keria_Nzito
Wakuu nimempelekea jamaa huu uzi, ameusoma wote. Amesema yeye anakubaliana na Chelewa_Fika, mchana kila mtu kivyake. Pia ameuliza nani ameshinda 😂 nikamwambia unaona sasa.

Tumekaa kupanga vifaa kila mtu awe kamili kama mlivyosema. Tairi zetu zinalingana saizi ila vali hazilingani, mimi zile nyembamba, yeye zile nene za kama gari. Tunaweza kuazimana tyubu au ndo basi?

#51 Fundi_Rimu
Tundu la rimu kwa vali nene ni kama milimita 8.5, nyembamba ni 6.5. Tyubu yako wewe inaingia kwenye rimu yake, weka kipete cha mpira isicheze. Tyubu yake haiingii kwako mpaka utoboe rimu, na usitoboe, rimu nyembamba inapoteza nguvu. Wote nunueni nyembamba, na hakikisheni pampu zote mbili zinashika aina zote.

#52 kiraka07
Kwa hiyo mwenye namba anamtegemea wa mtoni kwa tyubu. Aende taratibu basi.

#53 MzeeWaMteremko
Atabeba zake tatu, hamjui watu wa namba.

#54 dada_gia
@Keria_Nzito mnaondoka lini? Na nani ana ramani?

#55 Keria_Nzito
Mvua zikiisha. Ramani tunayo wote wawili, bado tunabishana njia ya siku ya kwanza.

#56 Peke_Peke
Nimekaa paleee.